Orange Juice: Vijana wa Glasgow waliokataa kuwa wagumu

Februari 2005, mwanamuziki anayeitwa Edwyn Collins alikimbizwa katika hospitali ya Royal Free jijini London. Mishipa ya damu ilikuwa imepasuka ndani ya ubongo wake, mara mbili. Alikuwa na miaka 45. Alipoanza kujaribu kuongea tena, alichobakiwa nacho ungekihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: ndiyo, hapana, jina la mkewe Grace Maxwell, na sentensi moja aliyoirudia kila saa bila mtu kujua imetoka wapi, kwamba uwezekano hauna mwisho.

Basi.

Na huyu hakuwa msee wa maneno machache. Huyu ndiye aliyekuwa mdomo wa Orange Juice, bendi ya Glasgow, Scotland, iliyojaa maneno kuliko ilivyojaa ufundi. Alikuwa mtu wa kucheza na lugha, wa kuingiza neno la kizee katikati ya wimbo wa mapenzi, wa kujibu waandishi wa habari kwa vijembe. Ndiyo maana hiyo orodha ya hospitalini hunikera kila nikiikumbuka.

Pengine hujawahi kuisikia Orange Juice. Usijilaumu. Katika maisha yao yote waliingia kwenye nyimbo 40 bora za Uingereza mara moja tu. Lakini ukiwahi kusikia The Smiths, Belle and Sebastian ama Franz Ferdinand, yaani zile bendi za gitaa linalolia kama kengele na mwimbaji anayekubali mbele ya watu wote kwamba ameachwa, basi umesikia nyumba iliyojengwa juu ya msingi wao.

Turudi nyuma kidogo.

Glasgow ya miaka ya 1970 ilikuwa mji wa viwanda vilivyokuwa vinakata roho. Kando ya mto Clyde, mahali palipojengwa meli zilizozunguka dunia nzima, karakana zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Sifa ya mji ilikuwa ugumu. Mwanamume alitakiwa awe mgumu, anywe sana, aongee kidogo, na akiguswa apigane. Kisha ikaja panki, mwaka wa 1976 na 1977, na kila kijana mwenye gitaa akavaa jaketi la ngozi, akajichoma pini, akaanza kufoka.

Mtaa wa Bearsden uko pembeni mwa mji, na ni wa watu wenye nafasi zao. Huko ndiko vijana wa shule walianzisha kikundi cha panki kwa jina la Nu-Sonics, jina la gitaa fulani la bei rahisi. Edwyn aliimba na kupiga gitaa. James Kirk naye alishika gitaa, Steven Daly akawa kwenye ngoma, na baadaye David McClymont akaja na besi. Hawakuwa hodari. Hili sisemi kwa kuwadharau, ni jambo ambalo kila aliyewaona jukwaani siku za kwanza hulitaja.

Kufikia 1979 walikuwa wamechoshwa na panki. Kitu kilichoanza kama uhuru kilikuwa kimegeuka sare, ati ukikosa jaketi la ngozi wewe si mwasi. Kwa hivyo wakafanya uasi ndani ya uasi. Walinyoa vizuri, wakaacha nywele zianguke kwenye paji la uso, wakavaa mitumba ya kizee na viatu vya plastiki. Luku ya mtoto wa mama. Halafu wakajibatiza jina la juisi ya machungwa, katika mji ambao kinywaji cha kiume ni wiski.

Sijui kama unaona jinsi hiyo ilivyohitaji roho. Kupanda jukwaani ukifoka mbele ya walevi ni rahisi, wao wenyewe wanafoka. Jaribu kupanda ukiwa na nywele zimechanwa, uimbe kwamba moyo wako umevunjika na kwamba unajicheka mwenyewe. Walizomewa. Waliendelea.

Muziki wenyewe ulikuwa mchanganyiko ambao kwenye karatasi ni wazimu. Walipenda gitaa la kukwaruza la Velvet Underground ya New York. Pia walipenda Chic, bendi ya disko ya Nile Rodgers, pamoja na soul ya Al Green. Wakati huo mashabiki wa roki na wa disko walikuwa hawasalimiani. Hawa wakajaribu kupiga vyote kwa pamoja, na kwa kuwa vidole vyao havikuweza kumfikia Nile Rodgers, kilichotoka kilikuwa kitu cha tatu: gitaa linalokimbia haraka haraka kama mtu aliyechelewa, sauti nzito ya Edwyn ikiyumba karibu na noti inayotakiwa bila kuikalia sawasawa. Makosa yao ndiyo yaliyokuja kuwa mtindo wa wengine.

Hapo ndipo anaingia Alan Horne. Kila mbogi ina mtu kama Horne. Hapigi chombo chochote, lakini ana maoni kuhusu kila kitu na ana uhakika kwamba dunia nzima imekosea isipokuwa yeye. Yeye na Edwyn wakaanzisha lebo yao, Postcard Records, ndani ya nyumba ya kupanga aliyokuwa akiishi Horne katika barabara ya West Princes Street. Ofisi ilikuwa kabati lake la nguo. Nembo ilikuwa paka anayepiga ngoma. Kaulimbiu ilikuwa kwamba hii ndiyo sauti ya vijana wa Scotland, ambayo waliiiba wazi wazi kutoka kwa Motown, lebo ya Detroit iliyojiita sauti ya vijana wa Marekani. Mimi niliacha chuo bila cheti, kwa hivyo stori za kampuni iliyo kabatini hunifurahisha kuliko inavyopaswa.

Wimbo wa kwanza, "Falling and Laughing", ulitoka 1980. Horne na Edwyn walijaza santuri kwenye gari wakaendesha hadi London, wakaingia duka baada ya duka wakiziuza wenyewe. Siku hizo kampuni zote kubwa za muziki zilikuwa London. Kijana wa Glasgow aliyetaka kutoboa alihamia huko, apende asipende. Postcard ikasema hapana, tutakaa hapa hapa, nyinyi ndio mtapanda treni mje. Na wakaja. Baada ya "Blue Boy", "Simply Thrilled Honey" na "Poor Old Soul", waandishi wa magazeti ya muziki walikuwa wanakuja Glasgow na madaftari. Lebo hiyo ilikuwa pia na Josef K kutoka Edinburgh, The Go-Betweens kutoka Australia, na Aztec Camera ya dogo mmoja, Roddy Frame, aliyekuwa na miaka 17 tu wimbo wake wa kwanza ulipotoka. Ilidumu kama miaka miwili na ikatoa albamu moja tu, ya Josef K. Leo hii santuri zake za asili ni mali ya kufungiwa kabatini, safari hii kwa kufuli.

Kisha likaja jambo ambalo kila msanii wa mtaani huomba usiku na mchana: kampuni kubwa. Mwaka wa 1981 Orange Juice wakasaini na Polydor. Albamu ya kwanza, "You Can't Hide Your Love Forever", ikatoka mapema 1982, ikafika nambari 21 kwenye chati ya albamu. Kwa kikundi kilichotokea kabatini, hiyo si mchezo.

Lakini pesa za studio zikaja na maswali ambayo kabati halikuwahi kuuliza. Kwa nini huyu anapiga hivi? Kwa nini hatusikiki kama nyimbo zinazochezwa redioni? Mwaka haukuisha kabla James Kirk na Steven Daly hawajawa nje. Kirk, wacha niseme, ndiye aliyeandika "Felicity", mojawapo ya nyimbo tamu kuliko zote walizowahi kurekodi. Ulikuwa urafiki wa tangu shule. Ukisikiliza albamu ya kwanza na ya pili mfululizo unasikia kabisa kitu kilichotoka chumbani pamoja nao. Ule mchecheto, ile hali ya wimbo kutaka kuanguka wakati wowote, umepungua.

Kilichoingia nacho si kidogo. Gitaa likachukuliwa na Malcolm Ross wa Josef K. Kwenye ngoma akaketi Zeke Manyika, mzaliwa wa Zimbabwe. Huyu hakuja kukaa nyuma anyamaze. Kwenye albamu ya pili, "Rip It Up", ya Novemba 1982, kuna wimbo unaoitwa "Hokoyo", neno la Kishona la kumwonya mtu achunge, na sauti utakayoisikia ni ya Zeke. Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu nyuma. Wasikilizaji wengi wa bendi za gitaa za Uingereza hawakuwa wamewahi kuona neno la Kishona kwenye jalada la santuri yao. Mimi naona Zeke ndiye aliyewapa hatimaye ule mdundo waliokuwa wakiutamani tangu siku za kumwiga Nile Rodgers.

Wimbo uliobeba jina la albamu ndio uliowapeleka juu. Februari na Machi 1983 "Rip It Up" ilipanda hadi nambari 8.

Sikiliza besi yake. Ile sauti inayochemka kama sufuria yenye kifuniko si ya kidole cha mtu, ni ya mashine, Roland TB-303. Wajapani waliiunda ili mpiga gitaa aliye peke yake apate wa kumpigia besi. Kwa kazi hiyo ilikuwa bure kabisa, haikufanana na besi ya kweli hata kwa bahati mbaya. Wanamuziki waliikataa, na 1984 Roland ikaacha kuitengeneza. Zilizobaki zikauzwa kwa bei ya kutupa, na vijana weusi wa Chicago wasio na doh wakazinunua, wakazungusha vitufe vyake kinyume na maagizo, na 1987 kikundi cha Phuture kikatoa "Acid Tracks". Aina nzima ya muziki wa klabu ikazaliwa pale, asidi hausi. Orange Juice walikuwa wameifikisha mashine hiyo kwenye kumi bora za Uingereza miaka minne mapema, bila kuwa na habari kwamba wameshika kitu cha ajabu.

Katikati ya wimbo huo huo, Edwyn anautaja wimbo wa Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester iliyojilipia santuri yake ya kwanza mwaka wa 1977, kisha gitaa linapiga noti mbili tu, mara nyingi, kama walivyofanya wao. Uko kwenye runinga ya taifa, umefika nambari 8, na unatumia nafasi hiyo kuwasalimia waliokuonyesha kwamba huhitaji ruhusa. Napenda sana hapo.

Shida ni kilichofuata. Wimbo waliotoa kabla ya "Rip It Up", yaani "I Can't Help Myself", ulikuwa umekwama nambari 42. Uliofuata baada yake, "Flesh of My Flesh", ukaishia nambari 41. Nambari moja tu! Vipindi vya redio na runinga viliangalia 40 bora, kwa hivyo 41 na 400 vilikuwa kitu kimoja. Kampuni ikaanza kuangalia saa. Ross akaondoka, McClymont akaondoka. Albamu ya mwisho mwaka wa 1984 iliitwa "The Orange Juice", na bendi yenyewe ilikuwa imebaki watu wawili, Edwyn na Zeke, wakisaidiwa na prodyuza Dennis Bovell, gwiji wa rege. Wimbo wa mwisho uliitwa "Lean Period", msimu wa njaa. Angalau walijua kujicheka hadi mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuja Januari 1985 katika ukumbi wa Brixton Academy, London. Ilikuwa tamasha la kuchangia wachimba makaa ya mawe, waliokuwa kwenye mgomo dhidi ya serikali ya Margaret Thatcher kwa karibu mwaka mzima. Edwyn akatangaza kutoka jukwaani kwamba bendi imekufa. Alikuwa na miaka 25.

Kuanzia hapo hadithi za wengi wa bendi za aina hii huisha. Steven Daly akawa mwandishi wa magazeti Marekani. James Kirk akawa daktari wa miguu, kweli kabisa. Zeke akaendelea kupiga na kina The The na kutoa albamu zake. Edwyn akatoa albamu mbili peke yake, 1989 na 1990, ambazo hazikutikisa chochote, na kampuni kubwa hazikuwa zinapokea simu zake. Akawa anawarekodia watu wengine na kukusanya mitambo ya zamani ya studio, ile ambayo kila mtu alikuwa anaitupa ili anunue ya kompyuta.

Kwa mitambo hiyo ndiyo alirekodi "A Girl Like You", 1994. Huu ndio unaoujua hata kama hukujua ni wa nani. Gitaa linalonguruma kama pikipiki bovu, ngoma zilizokatwa kutoka kwa wimbo wa zamani wa Len Barry, na kwenye kikosi cha kurekodi yupo Paul Cook aliyekuwa mpiga ngoma wa Sex Pistols. Mwaka wa 1995 ulifika nambari 4 Uingereza, ukazunguka dunia. Ulikuwa kwenye filamu ya "Empire Records", na baadaye "Charlie's Angels: Full Throttle". Ulitolewa na lebo ndogo, Setanta, na haki za wimbo zilibaki mikononi mwa Edwyn. Hili la haki likumbuke, nitalirudia.

Miaka kumi baadaye ndipo damu ikavuja kichwani.

Alikaa hospitalini miezi sita hivi. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umelala. Alisahau kusoma. Alisahau maneno ya nyimbo zake mwenyewe. Grace, ambaye alikuwa meneja wake kabla ya kuwa mkewe, aliandika kitabu kuhusu miaka hiyo, na kinasomeka vizuri kwa sababu hajifanyi malaika ndani yake. Anakasirika, anachoka, anamsukuma mzee afanye mazoezi wakati mzee hataki.

Kilichorudi kwanza kilikuwa kuchora. Kabla ya muziki, Edwyn alikuwa mchoraji katika idara ya bustani za mji wa Glasgow, na ndege ndio waliokuwa ugonjwa wake tangu utotoni. Sasa mkono wa kulia haukushika kalamu, kwa hivyo akachukua kwa wa kushoto akamchora bata. Yule yule, tena na tena. Michoro ya mwanzo inatetemeka kama ya mtoto wa chekechea. Ukiifuata kwa mpangilio unaona manyoya yakianza kukaa mahali pake. Baadaye alifanya maonyesho, na ndege zake wako kwenye jalada la albamu ya "Losing Sleep", 2010.

Gitaa lilikuwa na dawa yake pia. Mkono wa kushoto bado ungeweza kubana nyuzi. Kwa hivyo alibana, na Grace akaketi karibu naye akapiga kwa mkono wake. Mikono miwili, watu wawili, gitaa moja. Kwenye "Losing Sleep" walikuja kumsaidia Johnny Marr wa The Smiths, Alex Kapranos wa Franz Ferdinand, na Roddy Frame, yule dogo wa Postcard, sasa mtu mzima.

Halafu lile la haki. Mwaka wa 2009 Grace alitaka kuweka "A Girl Like You" kwenye ukurasa wa Edwyn wa MySpace ili mashabiki wausikilize bure. Mtandao ukakataa. Ati wimbo si mali yake. Mtu aliyeuandika, akaurekodi kwa mitambo yake, akabaki na haki zake, na aliyekuwa anajifunza upya kutaja majina ya vitu, akaambiwa na kompyuta athibitishe kwamba wimbo ni wake. Grace alilalamika hadharani, na kelele ikasikika hadi kwenye magazeti. Ukiwa umewahi kupandisha ngoma yako mtandaoni ikaondolewa kwa madai ya mtu usiyemjua, unaelewa.

Siku hizi wawili hao wanaishi Helmsdale, kijiji cha pwani ya kaskazini mwa Scotland, na studio yao ya Clashnarrow iko mlimani juu ya bahari. Mitambo ile ile ya zamani ilipandishwa huko. Albamu ya "Badbea" ilitoka 2019, na nyingine, "Nation Shall Speak Unto Nation", 2025.

Ukibaki na bando usiku, usianze na "A Girl Like You", hiyo unayo tayari kichwani. Anza na "Blue Boy", usikie vijana wanne wakikimbilia mwisho wa wimbo kama wanaofukuzwa. Nenda "Felicity". Kisha "Rip It Up" ukiwa na visikio, uifuate hiyo mashine. Halafu ruka hadi kwenye wimbo wa "Losing Sleep". Sauti ni ile ile nzito, inayumba karibu na noti kama zamani, ila maneno sasa ni mafupi na mepesi, na anayatamka moja moja, kila moja hadi mwisho wake.